Mwarimu wa Niboye na Blanketi Lisiloisha

Kwetu Mwanza tungemwita Mwalimu. Niboye, mtaa wa Kigali, walimwita Mwarimu, kwa r, kama Kinyarwanda kinavyotaka, na mimi baada ya miezi michache nikajikuta nasema hivyo hivyo. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye kadi ya hospitali, na sina haja ya kulitaja. Hakuna mtu mtaani aliyelitumia. Hata mumewe alimwita Mwarimu.

Nilikaa nyumba inayofuatana na yake kwa miaka saba, mwanamke mgeni, nikifanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani, kule Remera. Nikiulizwa leo alikuwa mtu wa namna gani, ningependa kuanza na mambo mazuri, maana yalikuwepo, na mengi. Lakini kinachonijia kwanza ni yeye amesimama mlangoni kwake, kilemba kimeteleza hadi sikioni, mikono yote miwili imejaa sufu ya kijivu, akiniita kupitia ukuta wa ua:

"Wewe Mtanzania! Njoo unishikie huku, kitu hiki kitanitoa roho!"

Nami nilikwenda. Nilikwenda nikitoka kazini, viatu sijavua. Nilikwenda Jumapili nikiwa na unga mikononi. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa mshikaji wa upande wa pili wa blanketi ambalo sikuliomba, sikulipenda, na ambalo kila ushauri nilioutoa juu yake ulikataliwa kwanza na kutumiwa baadaye bila kutajwa umetoka kwa nani.

Alikuwa amefundisha hesabu sekondari hadi kustaafu, na hesabu haikumtoka mwilini. Ukimwambia utafika saa kumi, saa kumi na dakika tano alishakuwa getini na uso wa mtu aliyeibiwa. Mboga alizikata kwa urefu mmoja. Mtoto wa jirani akimsalimia, alijibiwa na swali la kuzidisha. Mimi alinidai shikamoo. Wanyarwanda wengi hawana habari na shikamoo, lakini yeye alikulia Karagwe, shule alisoma kwetu, na hilo hakulisamehe. "Shikamoo yako iko wapi?" angeuliza, hata kama nimemkuta jikoni moshi umemjaa machoni. Nikishaitoa, "Marahaba," halafu tunaendelea na moshi.

Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, safi, mpaka akasirike. Hapo r na l zilibadilishana viti, na blanketi likawa buringiti.

Mumewe alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Aliendesha malori maisha yake yote, na Kiswahili chake alikiokota barabarani, kile ambacho kila kitu ndani yake ni "iko". Alikuwa mrefu mno. Sisemi mrefu wa kusifiwa, nasema mrefu wa kusumbua: milango ilimgonga, viti vilimkataa, na kwenye picha zote za ukutani kichwa chake kimekatwa. Mtaani tulimwita Mzee. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza, aliponibebea godoro langu kutoka kwenye gari na kulitua ndani bila kuniuliza mimi ni nani.

Kisha akapata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Walimwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha, ili aone watu wanaopita. Na kuanzia hapo Mzee alikuwa na baridi. Baridi ya Kigali si ya kuua mtu, sweta linatosha, lakini yeye ilimkaa kwenye mifupa. Kila blanketi lililokuwemo nyumbani lilimwishia kwenye vigimbi vya miguu. Akilivuta lifunike miguu, kifua kinabaki wazi. Usiku kucha alilivuta kwa ule mkono mzima, juu, chini, juu, na Mwarimu aliyelala kwenye kochi pembeni aliamka kila mara kulirekebisha.

Binti yao, aliyeolewa Kagugu, alileta blanketi kubwa zito la Kichina lenye picha ya chui. Lilifunika kila kitu. Asubuhi Mzee alisema neno moja moja, maana ulimi ulikuwa bado mzito: "Hii chui inanikalia." Ule mguu mbovu haukuweza kubeba uzito. Chui akakunjwa, akapelekwa juu ya kabati.

Ndipo Mwarimu alipochukua rula ya mita, ile ya mbao ya ubaoni aliyoondoka nayo shuleni, akampima mumewe kitandani kutoka kidevuni hadi vidoleni, akaongeza sehemu ya kuchomeka chini ya godoro, akaandika. Upana mita mbili. Urefu mita mbili na sentimita sitini. Alifuma kipande kidogo cha kujaribia, akahesabu vitanzi, akagawanya, akazidisha. Jibu: vitanzi mia tatu na sitini kwenye sindano, mistari zaidi ya mia sita.

"Ni hesabu tu," aliniambia. "Na hesabu haijali kama umechoka."

"Mwarimu," nikasema, "si ungefuma vipande? Vinne, vitano, kila kimoja unakibeba mkononi. Mwisho unaviunga."

Aliniangalia kama nimempendekezea aibe mtihani. "Viungo vitamkwaruza."

"Basi chukua mablanketi mawili mepesi ya dukani, nikushonee."

"Viungo vitamkwaruza," alirudia, polepole, kama kwa mwanafunzi wa nyuma.

Nilinyamaza. Nimejuta kunyamaza kule mara nyingi kuliko nilivyojuta kusema.

Sijui kama anayesoma hapa amewahi kushika kitu kikubwa kilichofumwa kabla hakijaisha. Mwanzo ni raha. Kinakaa mapajani kama paka. Kikifika nusu mita kinaanza kukupikia mapaja, kikifika mita moja kinakuvuta vifundo vya mikono kuelekea sakafuni, na baada ya hapo si wewe unayekifuma tena, unahangaika nacho tu. Sindano zake zilikuwa zile mbili fupi zilizoungwa kwa waya wa plastiki, na waya wenyewe ulikuwa mfupi kwa vitanzi vile vyote. Vilisongamana. Akiinuka kufungua mlango, vitanzi kumi vinachomoka mwishoni na kuanza kufumuka kushuka chini, na hapo tunasikia "Mana yanjye!", Mungu wangu, mpaka barabarani. Alichoma vifutio vya penseli kwenye ncha ili vizuie. Vilizuia, mpaka asahau kama vipo na kuinua kazi kwa haraka.

Nilipokwenda likizo nilimtafutia Mwanza sindano za waya mrefu, mara mbili ya zile. Nilizunguka soko zima juani. Nilipomletea alizipima kwa macho akasema unene si ule ule, vitanzi vitabadilika, ahsante. Akazitia kwenye droo. Miezi miwili baadaye nilizikuta zinafanya kazi. "Mwarimu, kumbe unene unafaa?" Akajibu bila kuinua kichwa: "Nimefanya marekebisho."

Uzi wenyewe aliununua Remera, mahali pamoja tu, kwa mama mmoja mwenye duka dogo nyuma ya kituo cha mabasi. Mifuko ya plastiki kama ujuavyo hairuhusiwi, kwa hiyo madonge yalitiwa kwenye mfuko wa karatasi. Siku moja mvua ilimkuta juu ya moto, pikipiki za abiria huitwa hivyo kule, mfuko ukalowa, ukapasuka, na donge moja likaruka barabarani huku ncha yake imenasa kwenye kifungo cha koti. Dereva wa moto hakujua. Mwarimu alimpiga ngumi begani, "Buretse! Buretse! Simama!", yule akadhani abiria wake amepagawa, akaongeza mwendo atafute pa kusimama salama. Walipogeuka kulikuwa na uzi wa kijivu umelala barabarani mbali sana, magari yanapita juu. Aliukusanya wote. Alifika kwangu amelowa, kofia ya moto bado kichwani maana aliondoka nayo, na dereva nyuma yake akiidai. Akaniwekea lundo la uzi wenye matope mezani. "Unaosheka," akasema.

Nilicheka, na yeye akacheka. Nataka lijulikane hilo pia. Alikuwa na kicheko kikubwa kisicho na adabu hata kidogo, cha mtu ambaye amekizuia darasani kwa miaka.

Lakini kwenye kazi ile alicheka kidogo kidogo, kisha hakucheka kabisa.

Tatizo lililotugombanisha mara nyingi lilikuwa la kugeuza. Ukimaliza mstari lazima ugeuze kazi ili uanze kurudi. Yeye aliketi kwenye kiti miguuni pa kitanda, donge la uzi ndani ya sufuria sakafuni ili lisibingirike, na sehemu iliyokwisha ilikuwa imeshamfunika Mzee. Ndiyo, alilitumia kabla halijaisha. Kila wiki lilizidi kushuka, kifua, tumbo, mpaka mapajani. Hilo lilikuwa jambo zuri, na mwenyewe alijivunia, kwa sababu uzito aliubeba Mzee na kitanda badala ya mikono yake. Ila kila alipogeuza, aligeuza kulia. Kulia, kulia, kulia. Baada ya mistari sita blanketi lilikuwa limejisokota kama nguo inayokamuliwa, na uzi umejizungusha kwenye mguu wa kiti. Ikabidi alibebe lote, amfunue yule mgonjwa wa baridi, alinyooshe, amfunike upya. Mara nne kwa siku. Mzee aliangalia dari tu.

"Mwarimu," nikasema jioni moja, nikiwa nimeshika pembe mbili kama kawaida, "ukigeuza kulia mara hii, mara inayofuata geuza kushoto. Litajisokotoa lenyewe."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mgeuzo ni mgeuzo. Digrii mia na themanini ni mia na themanini."

"Ndiyo, lakini ukienda halafu ukarudi si unakuwa umerudi ulipokuwa?"

Mwanamke aliyefundisha namba hasi na chanya kwa maisha yake yote alinikazia macho, akawasha taa, akasema chai imekwisha kwenye birika, niende nikaongeze maji. Kesho yake nilimwona kupitia dirishani. Kulia. Kushoto. Kulia. Kushoto. Hakunitajia na mimi sikumtajia, lakini nakiri nilitembea hadi kituoni nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Jumamosi ya umuganda, ile ya kazi za pamoja kila mwezi, alikuja kwenye kikao cha mudugudu, yaani cha mtaa, na blanketi limefungwa kwenye shuka, akalifungua, akachukua benchi la watu wanne. Mkuu wa mudugudu alianza kusema juu ya mifereji ya maji, akapiga hatua mbele, akajikwaa kwenye uzi. Watu waliangalia chini wasicheke. Binti yake, aliyekuwa amekuja kumsaidia zamu, alimnong'oneza, "Mama, tafadhali." Mwarimu akamjibu kwa sauti ya kawaida, hadharani, kwamba mifereji imezungumzwa tangu mwaka juzi na blanketi linaonekana likiongezeka.

Binti alitaka kuwahamishia Kagugu wote wawili. Kwake kulikuwa na nafasi, na mfanyakazi. Alikuja mara tatu na hoja mpya. Mara zote tatu jibu lilikuwa: "Nikimaliza hii." Mimi nilikuwepo mara ya tatu. Yule dada alitoka nje, akasimama kwenye gari lake akijifuta macho, akaniuliza, "Litaisha lini?" Nikamwambia kwa mwendo huu, miezi mitatu. Akasema, "Mwezi wa pili uliniambia miezi mitatu."

Na ilikuwa kweli. Maana Mwarimu alifumua. Hilo ndilo jambo ambalo sikulielewa, na sijui kama hata leo nalielewa sawasawa. Mtu huyu huyu aliyeniambia maisha yake yote aliwafundisha watoto wasifute kazi, wapige mstari mmoja juu ya kosa na waendelee, yeye mwenyewe hakuweza kuvumilia kosa moja kwenye sufu ya kijivu. Kitanzi kimekaa mgongo nje, anafumua mistari mitano. Uzi wa dukani umekuja na kijivu cheusi kidogo kuliko kile cha mwanzo, anafumua kumi. Mikono ilishaanza kumvimba kwenye vifundo, asubuhi alivichovya kwenye maji ya moto kabla ya kuweza kufunga vifungo vya gauni. Kisha anaketi, anafumua.

Siku moja alikwenda Remera kwa uzi, mimi nikabaki na Mzee. Nilikuwa namlisha papai. Alikula vipande viwili, akageuza uso, akasema:

"Mama, umwambie aache hii kitu."

"Kitu gani, Mzee?"

Akainua kidole kimoja kwenye blanketi. "Hii. Yeye iko hapa siku yote. Lakini mimi hanioni. Anaangalia sindano."

"Anakufumia wewe, Mzee. Usione baridi."

"Najua." Alipumzika kidogo. Maneno yalimchosha. "Nilienda sana, miaka mingi. Lori, lori. Sasa niko hapa. Anione."

Nilimfuta mdomo. Nilimwahidi nitasema. Na sikusema. Nilijiambia nitatafuta wakati mzuri, kisha nikajiambia si kazi yangu, kisha nikajiambia atanijibu vibaya. Wiki zikapita. Kila nilipoingia Mzee aliniangalia, mimi nikaangalia birika.

Nilikuja kusema siku mbaya kuliko zote.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Niliingia bila kuitwa, nimebeba maharage niliyowapikia. Ijumaa nilikuwa nimeacha blanketi linafika kwenye vigimbi vya miguu ya Mzee, limebaki kama shubiri mbili hivi. Sasa lilimwishia mapajani. Sakafu nzima ilikuwa uzi, umejikunjakunja kama tambi mbichi, na katikati yake Mwarimu amepiga magoti, anavuta, macho makavu, meno ameyabana.

"Umefanya nini?"

"Mia tatu hamsini na nane," akasema. "Siyo mia tatu na sitini. Virianguka viwili huko chini, mistari tisini nyuma. Upande umeenda mshazari. Tisini! Nimefuma mistari tisini ya uongo!"

Nilitua sufuria la maharage juu ya meza. Nadhani nililitua kwa nguvu. Mzee alikuwa macho, miguu yake nje, ametulia kama mtu asiyekuwepo.

"Nani ataona vitanzi viwili, Mwarimu?"

"Mimi naona."

"Miguu yake huioni? Iko nje! Jana ilikuwa karibu ifunikwe!"

"Usinifundishe nyumbani kwangu."

"Huyu si mtihani! Hakuna mtu atakayesahihisha! Mzee mwenyewe hataki, ameniambia uache. Amesema uko hapa siku nzima na humwangalii. Unaangalia sindano."

Niliyasikia maneno yakitoka na nikajua yametoka vibaya. Nilikuwa nimeyabeba wiki nyingi kama ujumbe, na nikayarusha kama jiwe. Mwarimu aliacha kuvuta. Hakumtazama mumewe, hakunitazama mimi. Alitazama uzi mkononi.

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Nenda," akasema.

Nikaenda. Sikuchukua hata sufuria langu.

Wiki tatu hatukuonana. Asubuhi nilipita mbele ya geti lake kwenda kazini, jioni nikapita kurudi. Mlango ulifungwa, pazia limeshushwa nusu. Sauti ya kuniita ukutani haikuja tena. Mwanzoni nilikuwa na hasira, nikawa namjibu kichwani hoja moja moja, nikishinda zote. Kisha hasira ikapungua na nikabaki na kiburi tu. Nilijisemea yeye ni mkubwa, lakini yeye ndiye aliyenifukuza, basi aniite kama alivyokuwa anaita. Mara moja nilisimama getini mkono umeinuliwa. Kisha nikasikia kimya cha ndani, nikakiona kizito, nikaondoka.

Jumanne ya wiki ya nne, nikiwa ofisini, jirani wa upande wa pili alinipigia simu. Mzee alikuwa na kifua tangu Jumapili. Walimpeleka hospitali alfajiri. Hakurudi.

Msibani palijaa watu, viti vimepangwa ua mzima hadi kwangu. Madereva wazee walikuja na makoti yao ya zamani, wakakaa mstari mmoja bila kusema. Nilipofika mbele ya Mwarimu nilimshika mikono yote miwili, nikasema pole. Akasema, "Ahsante, komera nawe," jikaze nawe, kama alivyomwambia aliyetangulia na aliyefuata. Nilijua nastahili. Baada ya siku chache gari la binti yake lilikuja, wakapakia kitanda, kabati na rula ya mita, akaenda Kagugu. Kwangu aliacha sufuria langu, limeoshwa, juu ya ukuta.

Ilipita karibu mwaka. Ofisi iliamua kunirudisha Mwanza, na katika wiki ya mwisho nilimpigia binti, nikauliza kama naweza kuja kumuaga mama yake. Akasema njoo, akasema atafurahi, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika.

Nilimkuta kibarazani, kwenye kiti kikubwa, mji wote wa upande ule uko chini yake na mabati mapya yanang'aa. Alikuwa amepungua. Nilitoa shikamoo kabla hajaidai. Kwenye miguu yake palikuwa na blanketi la kijivu, limekunjwa mara mbili.

Tulizungumza habari za Niboye. Nani amehama, nani amejenga. Alilalamika kuhusu mfanyakazi anayekata mboga vipande vya ovyo, kuhusu mkwe asiyejua saa. Nilianza kupumua. Kisha nikaona ukingo wa blanketi, uliofungwa vizuri kwa vitanzi vilivyokazwa, na nikaona kwamba ni fupi. Halikuwa refu kuliko nilivyoliacha siku ile ya maharage.

"Hukuirudia ile mistari," nikasema.

"Sikuirudia." Alilipapasa. "Siku ile ulipotoka nilikaa sakafuni mpaka giza. Halafu nikafunga vitanzi vyote. Nikachomoa sindano."

"Na miguu yake?"

"Nirimvika soksi," akasema. "Soksi, Mtanzania. Jozi mbili, moja juu ya nyingine. Akasema iko joto. Mwaka mmoja na nusu nimehangaika na buringiti, mikono imeharibika, kumbe soksi!" Alipiga mkono wa kiti. Macho yalimjaa lakini alikuwa amekasirika kweli, kama vile limetokea asubuhi ile.

Nikaona hapo ndipo mahali pa kusema nililokuja kusema. Nikamwambia najuta nilivyotamka yale maneno. Kwamba Mzee alinipa niyafikishe kwa upole, nikayakalia, kisha nikayatupa.

"Yale?" Alinitazama. "Aliniambia mwenyewe kabla yako. Mara nyingi. Nilikuwa namjibu, nikimaliza mstari huu." Akanyoosha pembe ya blanketi. "Ukimwangalia mtu aliyekuwa akiinamia milango, sasa anafutwa mate, unataka kuwa na kitu mikononi. Mimi sikuweza. Wewe ulinipigia kelele, ndiyo nikaweza."

Bintiye alileta chai, akaondoka.

"Nilidhani umeninunia," nikasema. "Wiki tatu zile."

"Nikununie nina muda huo?" Sauti yake ilipanda, ile ya ukutani. "Nilikuwa nimekaa naye. Nilivuta kiti kutoka miguuni nikakiweka kichwani pake. Alinisimulia safari zake zote, Dar, Mombasa, Bukavu, vitu ambavyo hakuwahi kuniambia, polepole hivyo hivyo na ule ulimi. Jioni alikuwa anakusikia unapita. Anajua viatu vyako. Anasema, huyo Mtanzania anarudi. Tunangoja tusikie geti." Alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Mlango haukufungwa kwa ufunguo, sha. Ungegonga tu."

Nilitazama mabati ya Kagugu. Wiki tatu, asubuhi na jioni, nilipita pale mbele ya geti, na sikugonga.